KIOO CHA MBELE SI PAMBO LA MOTOKAA

Ndugu Wafanyakazi,

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukitazama kila siku lakini hakioni. Kitu hicho ni kioo cha mbele cha motokaa. Najua wako watakaosema, "Watu wa reli na vioo vya motokaa, wapi na wapi?" Tungojeeni kidogo, mtaona kwamba jambo hili ni letu sote, wa reli, wa mabasi, wa viwandani, na hata mama anayeuza mboga pale Burma.

Sisi wafanyakazi wa zamu ya usiku huchukuliwa na gari dogo. Gari hilo ni la mtu aliyepewa kazi ya kutubeba, naye hatutamtaja jina. Msimu wa mvua uliopita lori moja lilirusha jiwe katika Jogoo Road, na kioo cha mbele cha gari letu kikapasuka kutoka pembe hata pembe. Dereva wetu, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, alilipeleka gari kwa fundi wa kando ya barabara. Tajiri akapiga simu akasema, "Gari hilo liwe barabarani kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo usirudi." Fundi akafanya kazi mbio mbio. Gundi ya haki hakuwa nayo, wala fedha za kuinunua hakupewa. Akanunua silikoni ya dukani, ile ya kuziba masinki ya jikoni, akapaka, akabandika kioo. Dakika arobaini baadaye sisi tulikuwa ndani ya gari twaenda kazini.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Maji yakaingia kwa juu yakatiririka mpaka kwenye dashibodi. Karibu na Makadara mkokoteni ulikata njia ghafula, dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na pembe ya juu ya kioo ikainuka kadiri ya upana wa kidole. Dereva akakishika kwa mkono wa kushoto huku akiongoza gari kwa mkono wa kulia, mpaka tukafika. Twamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Kioo kikanunuliwa mara ya pili. Mwisho wa mwezi dereva akakatwa mshahara kwa vioo vyote viwili. Fundi akatukanwa mbele ya watu na akanyimwa fedha zake. Na tajiri aliyetoa amri ya haraka hakulipa hata senti tano. Basi twauliza: nani aliyeharibu kioo kile?

KIOO HIKI NI KITU GANI?

Ili tujibu swali hilo, kwanza tukijue kioo chenyewe. Kioo cha mbele si kama kioo cha dirisha la nyumba. Ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa, na katikati yake kuna utando wa plastiki usioonekana. Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus, aliandikisha uvumbuzi wa kioo cha namna hii mwaka wa 1909. Kabla ya hapo, watu wengi waliokuwa katika motokaa walikatwa nyuso na vipande vya vioo. Kioo hiki kikipigwa hupasuka kama utando wa buibui, lakini vipande hubaki vimeshikwa na plastiki, havimrukii mtu usoni. Vioo vya milango havikutengenezwa hivyo. Hivyo huchomwa na kupozwa haraka kiwandani, na vikivunjika humwagika punje punje kama mahindi.

Tena kioo cha mbele kina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika motokaa za siku hizi kimegundishwa kwenye bodi na kimekuwa sehemu ya bodi hiyo. Gari likipinduka, kioo husaidia kulishika paa lisiwaangukie watu. Gari likigonga, humzuia mtu asitupwe nje. Na katika magari mengi, ule mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufumka ukaegemea kioo hiki ndipo umkinge mtu. Ikiwa kioo kimeshikwa na silikoni ya sinki, mfuko utakisukuma kioo nje, na abiria atakifuata.

Kwa hivyo anayesema kioo cha mbele ni cha kuzuia upepo na vumbi tu, huyo hajui. Kioo ni ukuta wa nyumba. Na sisi ndio tunaokaa ndani ya nyumba hiyo.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Tumekwenda kukaa na mafundi tukawatazama. Tuliwaona wa Shauri Moyo na tuliwaona wa Kariobangi Light Industries. Mafundi wale si wajinga. Wengi wao wanaijua kazi vizuri kabisa, nasi twaiandika hapa kama walivyotuonyesha, ili kila mfanyakazi ajue anachopaswa kukidai.

Kuna namna mbili za kioo. Namna ya kwanza ni ya raba, ya motokaa za zamani kama Peugeot 404 na Volkswagen, na ya malori na mabasi mengi ya zamani. Hapo kioo hukaa ndani ya mfereji wa raba, na raba nayo hukamata ukingo wa bati. Fundi hutoa waipa, kisha huuvua polepole ule utepe unaong'aa uliopita katikati ya raba, kwa maana ukipinda haunyooki tena. Kisha hukaa ndani ya gari na kuusukuma mdomo wa raba kwa kijiti cha mbao kilicholainishwa, si kwa bisibisi, mpaka raba iachie bati. Mwenzake hungoja nje akipokee kioo. Kazi hii ni ya watu wawili. Fundi akifanya peke yake kioo humwangukia.

Wakati wa kurudisha, raba huvalishwa kwanza kwenye kioo. Kamba nyembamba hupitishwa katika mfereji wa nje wa raba, na ncha zake mbili zikutane chini katikati. Ukingo hupakwa maji ya sabuni. Kioo huwekwa mahali pake, mmoja hukaa ndani akivuta kamba kidogo kidogo, na mwingine hukipiga kwa kiganja kutoka nje. Kamba ikitoka, mdomo wa raba huruka na kukaa juu ya bati wenyewe. Ukiona mtu analainisha kwa mafuta ya injini au petroli badala ya sabuni, mwambie aache. Mafuta huila raba, na mwaka haupiti kabla maji hayajaanza kuingia.

Namna ya pili ni ya gundi, nayo ndiyo ya magari mengi yanayotoka Japani siku hizi. Hapo fundi huanza kwa kufunika dashibodi na viti. Hutoa waipa, kile kifuniko cha plastiki kilicho chini ya waipa, na utepe wa raba wa pembeni. Halafu hutoboa gundi ya zamani, hupitisha waya mwembamba wa chuma, na watu wawili huuvuta, mmoja ndani na mmoja nje, kama watu wanaokata gogo kwa msumeno wa mikono miwili. Waya hukata gundi kuzunguka pande zote, na kioo hutoka.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Gundi ya zamani haikwanguliwi yote hata bati likawa tupu. Hupunguzwa kwa kisu mpaka ibaki safu nyembamba, kadiri ya milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya hushikana vizuri sana na gundi ya zamani iliyo safi. Palipokwaruzwa rangi pakapakwa dawa ya kuzuia kutu. Ukingo wa kioo kipya husafishwa na kupakwa praima, na baada ya hapo usiguswe na kidole, kwa kuwa jasho la mkono ni adui wa gundi. Kisha gundi hutolewa kwa mkupuo mmoja kuzunguka, bila kukatika, na kioo kikawekwa kabla gundi haijaanza kushika ngozi.

Na mwisho wa yote ni kungoja. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu ulio katika hewa. Hukauka kuanzia nje kwenda ndani. Kwa nje utaigusa uone imekauka, kumbe ndani bado ni laini kama ugali. Kila chupa ya gundi imeandikwa muda wa kungoja kabla gari halijatembea. Nyingine ni saa moja, nyingine ni saa nyingi, na hewa ikiwa ya baridi na kavu muda huongezeka. Wakati huo wote kioo cha mlango mmoja huachwa wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa, hewa iliyofungiwa ndani hukisukuma kioo kikatoka mahali pake.

Ndugu zetu, wale waliosoma shule za misheni wanakumbuka habari ya mtu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mvua ikanyesha, mafuriko yakaja, nyumba ikaanguka. Kioo kilichogundishwa juu ya kutu ni nyumba hiyo hiyo. Gundi imeshika kutu, na kutu haikushika kitu.

HABARI YA VIPAMBO

Wako wanaodhani utepe wa pembeni na vile vipande vya plastiki ni urembo tu. Si kweli. Utepe huzuia maji na vumbi, na hukinga gundi isichomwe na jua. Kile kifuniko cha chini ya waipa huongoza maji ya mvua yaende chini, yasiingie kwenye nyaya za umeme. Vipande hivi hushikwa na vibanio vidogo vya plastiki, na vibanio vikizeeka huvunjika vinapotolewa. Fundi mwenye haraka hapigi hodi dukani kununua vibanio vipya. Huchukua skrubu akapigilia. Skrubu hutoboa rangi, maji huingia katika tundu, kutu huanza, na miaka miwili baadaye ukingo wote umelika. Hivyo kwa kuokoa vibanio vya shilingi chache mwenye gari amenunua kazi ya bodi nzima.

Na hapa lazima tuseme neno la aibu kidogo. Vipambo na vioo vya pembeni huibwa usiku katika mitaa yetu. Asubuhi mwenye gari huenda Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, akitafuta kipande kama chake, na pengine hununua kile kile kilichokuwa chake jana. Ndiyo sababu watu wamechora namba za magari yao juu ya vioo. Tusiwalaumu wenye maduka wote, wengi ni watu wa haki wanaouza vitu vilivyoingia nchini kwa njia safi. Lakini mfanyakazi anayenunua kipande kwa bei ya kutupa, usiku, bila risiti, huyo anamlipa mwizi amwibie mfanyakazi mwenziwe. Tuache jambo hilo.

MWILI WA FUNDI

Tumesema habari za abiria na dereva. Tusimsahau fundi. Mafundi wa jua kali ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti juu ya Kenya, likasema watu hawa wanaofanya kazi zao ndogo ndogo wasifukuzwe bali wasaidiwe, kwa kuwa nao hujenga nchi. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi alikwenda Kamukunji akawaona mafundi wakichomwa na jua, na mabanda yakaamriwa. Lakini banda peke yake halimkingi fundi wa vioo.

Mtu huyu hukata kwa waya ulio mkali. Waya ukikatika humrudia mkononi. Punje za kioo huruka zikaingia machoni. Na gundi yenyewe, pamoja na praima yake, ina dawa ambazo mvuke wake huweza kuharibu kifua. Mtu akishazoeana nazo vibaya, hata harufu kidogo humletea pumu. Tuliwauliza vijana, "Glavu ziko wapi?" Wakacheka. Tukauliza juu ya miwani ya kukinga macho. Mmoja akatuonyesha miwani ya jua aliyonunua Muthurwa. Kijana mwingine alituonyesha kovu kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Hii ilikuwa ya kioo cha basi. Nilikuwa peke yangu."

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haisemi kiwanda kikubwa tu. Yahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, hata kama ni pa muda. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki katika kazi, na kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Haikuandikwa pale kwamba fundi wa kando ya barabara ameachwa nje.

NANI AMLIPE NANI?

Turudi sasa kwa dereva wetu aliyekatwa mshahara. Tajiri alisema, "Gari lilikuwa mikononi mwako, kwa hivyo kioo ni chako." Maneno haya twayasikia kila siku katika matatu, katika malori, na hata katika magari ya kampuni. Dereva hunyamaza kwa sababu nje ya lango kuna vijana kumi wanaongojea nafasi yake.

Lakini sheria haisemi hivyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kitu kilichoharibika ikiwa mfanyakazi amekiharibu kwa makusudi yake mwenyewe, na hata hapo akate kiasi cha haki. Jiwe lililorushwa na lori la mtu mwingine ni makusudi ya nani? Je, dereva ndiye aliyelituma? Na kioo cha pili kilichoinuka kwa sababu gundi haikupewa muda, ni dereva ndiye aliyeamuru gari litoke? Twaona wazi kwamba makato yale hayakuwa ya haki.

Tena kuna jambo la bima. Mwenye gari anaweza kununua bima kubwa, na bima hiyo mara nyingi huwa na sehemu ya kioo cha mbele. Lakini wengi hununua ile ndogo tu inayotakiwa na sheria, ya kulipa watu wengine wakiumia, nayo hailipi kioo. Hiyo ni haki yao, fedha ni zao. Lakini aliyechagua kutolipa bima amechagua kuibeba hatari mwenyewe. Asiondoe mzigo huo begani mwake akauweka begani mwa mtu anayelipwa kwa siku.

HARAKA INATOKA WAPI?

Tulipozungumza na fundi yule aliyetumia silikoni, alitujibu maneno ambayo hatujayasahau. Alisema, "Mimi najua gundi ya haki. Najua kungoja. Lakini nikimwambia mteja angoje mpaka kesho, atavuka barabara aende kwa jirani yangu, na jirani atamtolea gari baada ya nusu saa. Leo watoto wangu wale nini?"

Tulikwenda kwa jirani. Jirani akasema maneno yale yale juu ya fundi wa kwanza.

Hapo ndipo tulipoelewa. Kila mmoja anamwogopa mwenziwe. Fundi anamwogopa fundi, dereva anamwogopa dereva asiye na kazi, na tajiri amekaa katikati anakula matunda ya woga huo. Haraka haikutoka kwa fundi. Ilitoka kwa mtu ambaye hesabu yake ni kwamba gari likilala siku moja amepata hasara, lakini mtu akilala hospitali mwezi mzima hasara si yake.

Sisi wa reli twajua dawa ya ugonjwa huu, kwa kuwa kwetu ilipatikana zamani. Behewa linapotengenezwa huwekewa alama ya kulikataza lisisogezwe. Aliye chini ya behewa hahitaji kubishana na mtu. Awe mkubwa wa stesheni, awe nani, alama ikiwapo behewa halisogezwi mpaka aliyeiweka aiondoe. Kwa nini alama ile inaheshimiwa? Si kwa sababu ya kipande cha bati kilichopakwa rangi. Ni kwa sababu wote wameikubali, na hakuna wa pembeni wa kusema, "Mimi nitalisogeza kwa bei nafuu." Basi fundi wa kioo naye ahitaji alama yake.

Mtu mmoja akikataa haraka, hufa njaa. Mafundi wote wa barabara moja wakikataa haraka siku ile ile, mteja atangoja. Ataenda wapi? Mitaa hii ya Eastlands inajua jambo hili kuliko mitaa mingine yote ya Nairobi. Ni katika ukumbi wa Kaloleni, mwezi wa Aprili 1950, Makhan Singh alipotoa shauri la kudai uhuru mbele ya mkutano mkubwa. Tarehe 15 Mei mwaka huo yeye na Fred Kubai, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi wa usafiri, walikamatwa, na kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakaweka kazi chini. Babu zetu hawakuwa na simu, wala hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Walikuwa na neno moja tu, kwamba yule aliye karibu nami si adui yangu. Nasi leo tunashindwa kukubaliana juu ya saa chache za gundi?

TUNAYOYATAKA

Kwa hivyo, Ndugu Wafanyakazi, haya ndiyo tunayoyaona kuwa ya haki, na twaiomba kamati ya tawi iyachukue iyafanyie kazi:

1. Dereva asikatwe mshahara kwa kioo kilichovunjwa na jiwe au na mtu mwingine. Mwanachama yeyote aliyekatwa hivyo alete karatasi yake ya mshahara katika ofisi ya chama. Asije na maneno matupu, alete karatasi.

2. Mafundi wa vioo wa kila barabara wakae pamoja waweke kanuni moja: gundi ya vioo vya magari tu, si silikoni, na gari lisiondoke kabla ya muda ulioandikwa juu ya chupa.

3. Gari likiwa linangoja, karatasi ibandikwe juu ya kioo ikionyesha saa gundi ilipopakwa na saa gari litakapoweza kutembea. Hiyo ndiyo alama yetu. Dereva akipigiwa simu na tajiri, asome karatasi hiyo kwa sauti. Hayo si maneno ya dereva, ni ya gundi.

4. Kazi ya kutoa na kurudisha kioo cha mbele ifanywe na watu wawili, wenye glavu na miwani ya kukinga macho, mahali penye hewa. Bei itozwe ya watu wawili.

5. Mafundi vijana wasaidiwe kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hata la kwanza. Ujuzi wanao mikononi. Kilichokosekana ni cheti, na mtu asiye na cheti huamriwa na kila mtu.

6. Sisi abiria tuwe na subira. Tukiambiwa gari la zamu halijakauka gundi, tusimpigie dereva kelele. Twende kwa miguu au tungoje lingine. Tena mtu akiona maji yanaingia kwa juu ya kioo au akisikia upepo unapiga mluzi ukingoni, aseme wakati huo huo. Mluzi ule ni kioo chenyewe kinaomba msaada.

Wako watakaosema kwamba haya yote yataongeza bei, na mfanyakazi ni maskini. Twakubali kwamba gundi ya haki ni ghali kuliko silikoni. Lakini hesabuni wenyewe. Gari letu lilinunuliwa vioo viwili badala ya kimoja, fundi alilipwa nusu na akapoteza wateja, na dereva mmoja alirudi nyumbani mwisho wa mwezi bila karo ya watoto. Rahisi ile ilikuwa rahisi kwa nani?

Mpaka tunaandika haya, dereva wetu hajarudishiwa fedha zake. Tumekwenda naye ofisini kwa chama, karatasi imeandikwa, na barua imepelekwa kwa tajiri. Alikuwa akiogopa kuja. Alituambia, "Nyinyi mna kazi ya reli, mimi nina gari la mtu." Tukamjibu kwamba usiku ule kioo kilipoinuka hakikuuliza ni nani mtu wa reli na ni nani mtu wa gari. Sote tulikuwa nyuma yake, na yeye alikishika kwa mkono wake mmoja kwa ajili yetu sote. Sasa ni zamu yetu kumshikia.

Basi, ndugu, kila utakapopanda gari kesho, kitazame kile kioo cha mbele, kisha mtazame aliyekaa nyuma yake. Haraka haraka haina baraka, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi wenzenu,
Wafanyakazi wa zamu ya usiku, Reli.